Kabla ya kuchora jengo jipya la jiji, ingieni masjala

Waheshimiwa mameya, madiwani na wakurugenzi wa majiji yanayokua,

Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimeitumia nikiwa karani wa masjala. Masjala ndiko linakotoka asubuhi jalada la kila kiwanja, kila leseni na kila kibali cha ujenzi, na ndiko linakotakiwa kurudi jioni. Sasa nimestaafu, lakini bado nafuatilia vikao vya mabaraza, na kila ninaposikia hoja ya kujenga makao mapya ya jiji naona inaletwa kwa maneno yale yale: jiji limekua, hadhi yake imepanda, jengo tulilonalo linatia aibu mbele ya wageni. Nawaandikia kwa sababu naunga mkono ujenzi, na kwa sababu maneno hayo yananitia hofu.

Sababu itakayotangulia ndiyo itakayolichora jengo. Msanifu majengo akiambiwa kwamba jiji linataka heshima, atawaletea mnara, na hatakuwa amekosea, kwa kuwa ndicho alichoombwa. Akiambiwa kwamba wakuu wa idara wamebanana, atawaletea ghorofa za wakuu wa idara. Mimi naomba aambiwe habari ya jalada moja na ya mwananchi anayelifuata kutoka ofisi hadi ofisi. Hapo ndipo ilipo sababu ya kweli ya kujenga, na ina uzito wa kutosha bila kuongezewa nyingine.

Jengo la zamani halijai kwa siku moja. Kwanza chumba cha mikutano kinagawanywa kwa plaiwudi. Kisha makabati yanaanza kupangwa kwenye korido, na watu wanapishana kwa ubavu. Halafu idara moja, mara nyingi mipango miji, maana ndiyo inayoongezewa watumishi haraka mji unapotanuka, inapangishiwa ghorofa kwenye jengo la mtu binafsi. Inasemwa ni kwa muda. Afya nayo inafuata, kisha mapato. Miaka 10 baadaye jiji linalipa pango kwenye majengo matano au sita, kila moja na mlinzi wake, jenereta yake, mashine yake ya kudurufu, na masjala yake ndogo ambayo haimo kwenye muundo wowote wa utumishi. Hakuna aliyekaa akaamua iwe hivyo. Kila uamuzi ulikuwa na maana siku ulipofanywa, na ndiyo maana ni vigumu kumwonyesha mtu mmoja kosa lilipo.

Sasa mfuateni mwananchi mmoja. Anataka kibali cha kuongeza vyumba viwili kwenye nyumba yake. Fomu anaipata mapokezi, ramani anaipeleka mipango miji. Mipango miji wanataka uthibitisho kwamba kiwanja hakidaiwi kodi, kwa hiyo anavuka barabara kwenda mapato. Mapato wanaomba namba ya kiwanja kama ilivyo kwenye jalada la ardhi. Jalada la ardhi limeazimwa na afisa afya, ambaye ofisi yake iko jengo la tatu, na mwenyewe yuko uwandani hadi alasiri. Mwananchi anaambiwa aje kesho. Kesho anamkuta afisa afya, lakini jalada limeshapelekwa kwa mwanasheria. Hapa hakuna mtumishi mvivu hata mmoja. Kila mmoja amefanya kazi yake, na mtu amepoteza siku mbili za kutafuta riziki.

Kwenye masjala kuna daftari la mwendo wa majalada: nani kachukua, tarehe gani, kasaini nani. Idara zikiwa ndani ya jengo moja, daftari hilo linatosha. Karani anasoma jina, anapanda ngazi, analichukua jalada mezani na kurudi nalo. Idara zikitawanyika, jalada linasafiri kwa pikipiki ndani ya mfuko wa plastiki. Niliwahi kupokea jalada lililonyeshewa njiani. Wino wa mchoro wa kiwanja ulikuwa umetambaa kwenye karatasi kiasi kwamba mpaka wa upande wa kusini haukusomeka tena, na vipimo vilivyoandikwa kando yake vilibaki doa la buluu. Mwenye kiwanja alikuwa amesimama mbele ya dirisha letu akituangalia tukiikausha karatasi ile kwa kuipepea. Hakugomba. Aliuliza tu kama kuna nakala nyingine. Haikuwepo. Mgogoro wa mpaka na jirani yake ulikuja baadaye, ukaenda barazani, ukaenda mahakamani, na jiji likaitwa kutoa ushahidi ambao halikuwa nao.

Kuna jambo jingine ambalo sisi wa masjala tunalijua na hatulisemi kwa sauti. Jalada likikosa mahali pa kudumu, linapata bei. Mwananchi akichoka kuzungushwa, anatokea kishoka nje ya lango akimwambia kwamba yeye anajua jalada liliko. Na mara nyingi kweli anajua. Mnaunda kamati za maadili, mnabandika mabango ya kukataza rushwa ukutani, na ni vyema. Lakini kishoka anaishi kwa umbali uliopo kati ya ofisi moja na nyingine. Mwananchi anayeona ofisi zote nne anazozihitaji kutoka pale alipoketi hana haja ya mtu wa kumwongoza.

Kumbukumbu za jiji zikiteketea, hasara yake haina mwisho unaojulikana. San Francisco walijenga makao ya jiji kwa zaidi ya robo karne, kazi iliyogubikwa na malalamiko ya ufisadi na ujenzi hafifu. Tetemeko la Aprili 18, 1906 likaliangusha jengo hilo, kisha moto ukaunguza rejesta za vizazi na hati nyingine nyingi. Kwa kuwa hakukuwa na daftari la kuthibitisha wala kukanusha, Wachina wengi waliokuwa wakibanwa na sheria ya Marekani ya mwaka 1882 iliyowazuia kuingia nchini waliweza kudai kwamba walizaliwa pale pale mjini, na hivyo ni raia. Siwalaumu hata kidogo, sheria ile ilikuwa ya dhuluma. Nalitaja jambo hili ili muone kiwango chake: uraia wa maelfu ya watu ulitegemea chumba kimoja cha makaratasi. Katika jiji lolote leo, ni nani mwenye nyumba, nani amelipa, nani amezikwa wapi, yote yanategemea chumba cha namna hiyo. Nanyi mkienda kukitazama mtakikuta chini ya ngazi, karibu na bomba la maji machafu.

Usalama wa jengo lenyewe sitaueleza kwa kirefu, maana wahandisi wataueleza vizuri zaidi. Nitataja matukio mawili tu ya Japani. Aprili 2016 tetemeko la Kumamoto lilibomoa makao ya mji wa Uto. Ghorofa ya nne ilibanwa kabisa kati ya ile ya juu na ile ya chini. Ilikuwa usiku wa manane. Mwaka 2011, tsunami ilipoupiga mji wa Otsuchi, meya na makumi ya watumishi wa mji walikufa, na mji ukabaki na upungufu mkubwa wa watu wa kuongoza uokoaji saa ile ulipowahitaji kuliko wakati wowote. Mafuriko au moto vikitokea kwenu, makao ya jiji ndiko watu watakakopiga simu. Kama jengo halitasimama siku hiyo, au linasimama lakini jenereta iko kwenye ghorofa ya chini ya ardhi na imezama, basi jiji halina makao, lina ofisi za siku za jua.

Mtaambiwa kwamba mambo yote sasa yanahamia mtandaoni, kwa hiyo jengo la nini. Hoja hii naiheshimu, na kwa sehemu ni kweli. Malipo ya kodi na maombi ya leseni za kawaida hayahitaji tena mtu apange foleni, na jengo litakalochorwa leo kwa hesabu ya makarani wa jana litakuwa na vyumba vitupu kabla rangi haijachakaa. Punguzeni vyumba hivyo. Lakini mtandao hauwezi kwenda kukagua msingi wa nyumba. Haumkalishi mjane na shemeji zake meza moja kusuluhisha mirathi ya kiwanja ambacho jina lake limeandikwa tofauti kwenye hati mbili. Na wanaobaki nje ya mtandao ndio hasa wenye mashauri magumu: mzee asiyesoma, mtu ambaye kitambulisho chake kina kosa, mchuuzi aliyeondolewa kwenye eneo lake na hajui aende wapi. Kadiri yale mepesi yanavyohamia kwenye simu, ndivyo wanaofika dirishani wanavyokuwa wenye shida nzito na wanaohitaji muda mrefu zaidi. Madirisha yatapungua idadi, lakini kila moja litahitaji viti viwili, faragha, na mtumishi mwenye mamlaka ya kuamua. Na hayo makaratasi ya zamani hayataingia kwenye kompyuta yenyewe. Inatakiwa sehemu kavu, yenye mwanga na meza ndefu, ambapo majalada yatafunguliwa, yatasafishwa na kupigwa picha ukurasa mmoja baada ya mwingine kwa miaka kadhaa. Sijawahi kuona ramani ya makao ya jiji iliyotenga chumba hicho tangu mwanzo.

Ninayoyaomba juu ya ramani ni machache, na karibu yote yako ghorofa ya chini. Idara zinazohudumia watu moja kwa moja ziwe kwenye ukumbi mmoja mpana, usawa wa barabara, na masjala iwe nyuma yake, ukuta kwa ukuta, ili jalada litembee hatua chache na mwananchi asitembee kabisa. Wakuu wa idara wakae juu, kwa kuwa wao ndio wenye nguvu ya kupanda. Nimeona mtu wa kiti cha magurudumu akisubiri chini ya ngazi wakati afisa anashushiwa fomu zake, akijibu maswali ya maisha yake kwa sauti ili asikike hadi juu, watu wakipita. Mteremko uliowekwa mlango wa nyuma, karibu na mapipa ya taka, haufuti aibu hiyo. Mlango uwe mmoja kwa wote. Dirisha liwe na sehemu ya kimo cha chini. Vyoo viwe vya wananchi kwanza. Sehemu ya kusubiri iwe na viti vyenye egemeo, kwa sababu wanaosubiri sana ni wazee na wajawazito.

Kisha ukumbi wa baraza. Hapa naona ndipo majiji mengi hukosea kwa ukarimu: mnawajengea madiwani viti vya ngozi, na wasikilizaji mnawapa benchi mbili nyuma ya nguzo. Mji wa Nagaoka, Japani, ulipofungua makao yake mapya mwaka 2012, kazi ya msanifu Kengo Kuma, uliuweka ukumbi wa baraza ghorofa ya chini, ukautia kuta za kioo zinazotazama uwanja wenye paa ambako watu wanapita, watoto wanacheza na sherehe zinafanyika. Mtu akitoka stesheni ya reli iliyo jirani anaweza kuwaona madiwani wake wakiwa kikaoni. Toronto nako, jengo lililofunguliwa mwaka 1965 lina minara miwili iliyopinda, na katikati yake wameuweka ukumbi wa baraza, mbele ya uwanja wa watu wote. Mchoro ule ulipatikana kwa shindano la wazi la mwaka 1958 lililovuta kazi zaidi ya 500 kutoka nchi nyingi, na mshindi alikuwa Mfini, Viljo Revell, ambaye alifariki kabla jengo halijakamilika. Yafaa mjue kwamba kabla ya shindano hilo wapiga kura wa Toronto walikuwa wameukataa mpango wa kwanza. Jiji halikukasirika. Lilirudi na mpango bora zaidi.

Kuhusu mahali pa kujenga nitasema kwa mkazo, kwa kuwa ndipo kishawishi kilipo kikubwa. Ardhi ya nje ya mji ni rahisi, ni tambarare, haina migogoro, na kuna maegesho ya kutosha. Kwa mkandarasi ni neema. Kwa mwananchi asiye na gari ni adhabu ya kudumu, nauli mbili kila anapohitaji sahihi. Tena makao ya jiji yakihama, mawakili, wapima ardhi, wachapaji na benki huhama nayo, na katikati ya mji panabaki majengo yenye vumbi. Jengeni pale njia za usafiri wa umma zinapokutana. Na mbele yake acheni uwanja, mpana kiasi cha kuwatosha watu wakija kwa furaha au kwa hasira. Nelson Mandela alipotoka gerezani Februari 11, 1990, hotuba yake ya kwanza kwa umma aliitoa kwenye roshani ya makao ya jiji la Cape Town, jengo la mwaka 1905, umati ukiwa umefurika uwanja ulio mbele yake. Waliolijenga hawakuwa na mtu kama yeye akilini. Uwanja ulikuwepo, na siku ulipohitajika ukatumika.

Sasa fedha, ambako najua ndiko mnakoogopa kuulizwa, na mna haki ya kuogopa. Philadelphia walianza makao yao ya jiji mwaka 1871 wakamaliza mwaka 1901. Mtu aliyezaliwa siku ya kuanza alikuwa na umri wa miaka 30 alipoliona limekwisha. Lililochelewa namna hiyo lazima pia liwe ghali. Lakini kutojenga nako kuna gharama, ila inagawanywa kwenye vifungu vingi hata isionekane. Jumlisheni pango la majengo yote mnayopanga, walinzi, mafuta ya jenereta, magari ya kusafirisha majalada, ukarabati wa jengo la zamani, na fidia za kesi mlizoshindwa kwa kukosa nyaraka. Zidisheni kwa miaka 20. Wekeni hesabu hiyo kando ya gharama ya kujenga, pamoja na riba ya mkopo, na pamoja na matengenezo, kwa kuwa jengo lisilo na kifungu cha matengenezo linaanza kufa siku ya uzinduzi: lifti ya kwanza hukwama mwaka wa tatu, na hapo ghorofa za juu zinakuwa mbali tena. Hesabu ikionyesha kwamba kujenga ni ghali kuliko kukarabati, karabatini, na mimi nitakuwa wa kwanza kuwaunga mkono.

Msijiingize kwenye jengo la fahari ambalo si lenu. Mamlaka ya London Kuu, yaani uongozi wa jiji la London, ilikaa karibu na daraja la Tower Bridge kuanzia mwaka 2002, katika jengo la kioo lililochorwa na ofisi ya Norman Foster na kujulikana dunia nzima. Lakini Mamlaka ilikuwa mpangaji. Mwishoni mwa mwaka 2021 ikafungasha na kuhamia jengo ambalo tayari lilikuwa lake, upande wa mashariki wa jiji, ili kuokoa pesa za pango. Ubia na mwekezaji unaweza kuwa mzuri, siupingi, mradi mkataba useme waziwazi jengo litakuwa la nani baada ya miaka mingapi, na mwananchi aweze kuusoma.

Na lile la zamani msilibomoe kwa haraka wala kumuuzia mtu kimyakimya. Seoul walipofungua makao mapya mwaka 2012, lile la mwaka 1926 lililo mbele yake waliligeuza maktaba ya umma. Toronto jengo lao la mwaka 1899 liliendelea kutumika kama mahakama kwa miaka mingi, baada ya wananchi kulitetea lisivunjwe. Mimi napendekeza lenu liwe nyumba ya kumbukumbu za jiji, ambako majalada yaliyofungwa yatahifadhiwa na mwanafunzi ataruhusiwa kuyasoma.

Waheshimiwa, kabla hamjapiga kura, naomba mtangaze orodha ya kila ofisi mnayopanga na pango lake kwa mwaka, ibandikwe pale wananchi wanapolipia kodi. Naomba diwani mmoja na mhandisi mmoja wachague jalada lolote la kibali cha ujenzi, walifuate kwa miguu kutoka mapokezi hadi sahihi ya mwisho, bila kujitambulisha, na taarifa yao isomwe barazani kabla ya upembuzi yakinifu. Na kwenye kamati itakayoandika hadidu za rejea kwa ajili ya msanifu, pamoja na mchumi na mwanasheria, wekeni karani mmoja wa masjala na mtumishi mmoja wa dirishani, wapewe posho sawa na wengine na haki ya kukataa mchoro. Wapo kwenye kila halmashauri. Wanajua ni mlango gani watu hukosea kuingia, na ni rafu gani huvuja kila masika.

Wenu katika ujenzi wa jiji,

Karani mstaafu wa masjala